Upande wa Pili wa Meli ya Bwana Hewa

Ukitaka kumkasirisha Bwana Hewa, ungemwambia tu, "Leo itanyesha." Basi. Angeweka chini chochote alichoshika, hata kama ni kikombe cha chai ya maziwa ya mbuzi, akutazame kuanzia viatu hadi nywele, kisha aulize, "Umejuaje?" Ungemjibu kwamba magoti yanakuuma, au kwamba ngamia wamelala wakitazama mlimani, au kwamba umehisi tu. Naye angetikisa kichwa kwa huzuni. "Tusikisie," angesema. "Tungoje, tupime."

Yeye alikuwa mpimaji wa hali ya hewa pale Lodwar, na mimi nilikuwa mkunga hospitalini. Yeye aliitwa Bwana Hewa, mimi niliitwa Sista, na majina yetu ya ubatizo yalibaki kwenye karatasi za mshahara. Alizaliwa wapi na ni mwana wa nani, sikuwahi kumuuliza. Sisi watu wa bara tulioletwa Turkana na serikali miaka ile ya sabini hatukuwa tukiulizana ukoo. Tuliulizana kama kuna habari yoyote ya uhamisho, na kama lori la kutoka Kitale limeleta viazi.

Kazi yake aliifanya mbele ya macho ya mji mzima. Nyuma ya ofisi kulikuwa na uzio wa waya, na ndani ya uzio kulikuwa na sanduku jeupe la mbao lenye miguu mirefu, alimotunza vipimajoto vyake. Kando ya sanduku kulikuwa na mkebe wa kupimia mvua. Kila asubuhi alitoka na kaptura yake ya kaki iliyopigwa pasi, soksi hadi magotini, akafungua mkebe na kuchungulia. Ndani hamna kitu, au kama siku ni njema kuna mende. Hata hivyo aliuinamisha mkebe kwenye glasi yake ya kupimia, akainua glasi usawa wa jicho, akaisoma, ndipo akaandika sifuri. Watoto walishika waya kwa vidole na kumcheka mpaka machozi.

"Chekeni tu," aliwaambia. "Sifuri nayo ni namba. Ina haki yake ya kuandikwa."

Siku moja mkubwa fulani alikuwa anatarajia wageni wanaokuja kuona mashamba ya kando ya mto. Akamwendea Bwana Hewa kwa sauti ya chini, akamwomba aongeze mvua kidogo tu kwenye hesabu zake, matone machache, wageni wasivunjike moyo. Bwana Hewa akaingia ndani, akarudi na ile glasi, akampa mkubwa mkononi. "Nionyeshe hayo matone, mheshimiwa," akasema, "nami nitayaandika sasa hivi." Tangu siku hiyo kila alipoomba baiskeli mpya aliambiwa asubiri, naye akaendelea kutembea kwa miguu huku soksi zimevutwa juu vizuri.

Sasa mtu wa namna hiyo, ambaye hakuamini hata wingu mpaka alipime, ndiye aliyekuwa anatengeneza meli.

Meli ndogo, nasema, ya kuweka mezani. Urefu wake ulikuwa kama mkono wangu kutoka begani hadi vidoleni, na ilikuwa na milingoti mitatu. Bahari alikuwa hajaiona na hakuona aibu kusema hivyo. "Bahari sijaona, lakini picha ninayo." Picha yenyewe ilikuwa ya kalenda ya mwaka uliokwisha kupita zamani, aliyopewa na mwenye duka, miezi yote imechanwa, imebaki meli peke yake ikikata mawimbi. Bwana Hewa alikuwa ameichora mistari ya penseli juu hadi chini, kushoto kwenda kulia, miraba midogo midogo, na kila mraba mmoja wa picha aliukuza ukawa mitatu ya meli. Mbao alizitoa kwenye masanduku ya majani ya chai. Gundi ilikuwa utomvu wa migunga aliouchemsha kwenye kopo la kahawa, na nyumba yake yote ilinuka utomvu. Kamba nene zilikuwa nyuzi za yale mapurutangi makubwa aliyoyarusha angani kupima upepo. Zile nyembamba zilikuwa nyuzi zangu za kushonea vidonda, zilizopitwa na muda, ambazo hospitali ingezichoma. Rangi ilikuwa nyeupe, kwa sababu serikali ilimletea rangi ya sanduku la vipimajoto na haikumletea nyingine. Meli ilizidi kung'aa, sanduku lilizidi kubanduka, naye akiulizwa alisema kwamba yeye hutumia ile inayobaki kwenye brashi tu. Brashi ile ilikuwa inabakiza sana.

Lakini picha ya kalenda inaonyesha upande mmoja. Huu ndio uliokuwa mwiba wake. Meli aliiweka juu ya rafu, upande wa kalenda ukitazama wageni, ule mwingine ukitazama ukuta. Ukimuuliza upande wa pili ukoje, alijibu, "Bado." Ukimwambia aufanye kama wa kwanza tu, nani atajua, alikukazia macho. "Umeuona wewe? Mimi sijauona. Mtu wa hewa haandiki asichokiona." Miaka ilipita, na jibu likawa lile lile.

Hakuwa peke yake katika wazimu huu. Tulikuwa wanne, na tulikutana kila mwisho wa mwezi barazani mwa ofisi yake, kila mtu na meli yake ndani ya kikapu. Mimi nilikuwa na mashua yenye tanga la chandarua, wenzangu wakaiita kitanda. Wa pili alikuwa afisa wa samaki kutoka Ferguson's Gulf kule ziwani, mtu aliyeishi kati ya mashua za kweli kila siku ya Mungu, na bado chombo chake kilionekana kama kreti la soda. Wa tatu alikuwa katekista wa Kakuma, Mturkana mrefu mwenye sauti ya kuamsha kijiji, aliyekuja kwa lori lililopeleka ngozi za mbuzi, akashuka akinuka ngozi na kucheka. Wa nne na mwenyekiti alikuwa Bwana Hewa, kwa sababu baraza lilikuwa lake.

Utaratibu ulikuwa hivi: unaweka meli mezani, unasimama, unaeleza umefika wapi tangu tulipoachana, wengine wanasikiliza, halafu wanasema. Kugusa ni marufuku. Bwana Hewa alieleza kama anayesoma taarifa. "Tangu kikao kilichopita. Mlingoti wa mbele, umeinuka robo inchi. Kamba za upande wa kuonekana, zimefungwa, isipokuwa mbili. Gundi, wastani. Matarajio ya mwezi ujao, tanga la katikati." Kisha akaketi, akapangusa jasho, akamtazama Katekista.

Hapo ndipo penyewe. Alikuwa akimtazama Katekista kila mara, na sote tulijua kwa nini.

Katekista hakueleza. Yeye aliimba. Kwao mwanamume ana ng'ombe wake mmoja, dume ampendaye kuliko wote, ambaye pembe zake hukunjwa tangu akiwa ndama zikaenda anakotaka mwenyewe, na mwanamume huyo humwimbia huku ameinua mikono juu kuonyesha pembe zilivyokaa. Katekista alipofundishwa kutengeneza meli hakuona sababu ya kubadilisha utaratibu. Meli yake aliichonga kwenye gogo moja la mgunga, akaipaka mafuta na udongo mwekundu kama kibuyu cha maziwa, milingoti akaikunja ikawa pembe, na ubavuni akaitia alama ya mifugo ya ukoo wake, isije ikapotea. Zamu yake ikifika alisimama, mkono mmoja ukapanda moja kwa moja, mwingine ukapinda juu ya kichwa, akaimba meli yake ilivyo nyekundu, inavyotembea, inavyowashinda wengine kwa pembe. Wapita njia waliingia barazani, wakainua mikono pamoja naye. Afisa wa samaki aliinua, mimi nikainua. Bwana Hewa naye aliinua, kwa kiasi, viwiko vikiwa vimebana mbavu.

Na baada ya hapo Katekista akiitazama meli nyeupe ya Bwana Hewa, meli iliyokuwa na kila kamba mahali pake, iliyopimwa kwa penseli kwa miaka, alisema neno moja. "Ejok." Yaani ni nzuri. Neno hilo ndilo alilomwambia mtu aliyekutana naye njiani, ndilo aliloiambia sahani ya maharage.

Siku moja Bwana Hewa alishindwa kuvumilia. "Katekista, ndugu yangu. Ejok peke yake? Kwani hii meli yangu ina ubaya gani?"

"Haina baya."

"Sasa mbona huinui mkono?"

"Nitainua kwa nini na wewe hujaimba? Wewe ukiimba, mimi nainua."

"Basi nitaimba," akasema Bwana Hewa, ingawa kwaya ya kanisa ilikuwa imemwomba kwa upole akae na washarika wengine.

Katekista akatikisa kichwa. "Huwezi. Hii ng'ombe si yako. Hii ni ya yule mtu wa kalenda. Wewe unachunga tu. Yako iko wapi?"

Bwana Hewa aliinuka. Alikusanya vikombe vyetu kabla hatujamaliza chai. Kuanzia hapo nilijua kitu anachokitaka duniani, na hakikuwa cheo wala baiskeli. Alitaka Katekista ainue mikono kwa ajili ya meli yake.

Na tusidhani alikuwa mnyonge. Ukorofi alikuwa nao. Afisa wa samaki alipotualika Ferguson's Gulf tukatie meli zetu majini, Bwana Hewa alibeba yake njia nzima mapajani, akafika ufukweni, akatia kidole ziwani, akakilamba, akatangaza kwamba maji haya yana magadi na meli yake ni ya bahari, kwa hiyo haitaingia. Kreti la afisa lilizama kwa heshima. Kitanda changu kilielea, nasema kwa fahari, mpaka ndege mmoja akakikalia. Meli ya Katekista ililala ubavu mara tu ilipogusa maji, na Bwana Hewa akapiga makofi.

"Imeanguka!"

"Inakunywa," alijibu Katekista bila wasiwasi, akaingoja imalize.

Kisha kulikuwa na habari ya mbuzi. Matanga ya meli nyeupe yalikuwa ya kitambaa kilichokazwa kwa uji wa unga, na jirani alikuwa na mbuzi mwenye doa jeusi usoni ambaye aliheshimu mlango pale tu ulipofungwa. Aliingia, akala tanga kuu, akala na kona ya kalenda. Bwana Hewa aliitisha kikao cha dharura cha watu wawili, yeye na mimi. Alitaka nimtie mbuzi dawa ya kumfanya arudishe. Nilimweleza kwamba mimi ni mkunga. Akasema kwa sauti nzito, "Huyu nitamfunga. Sijui lini wala wapi, lakini nitamfunga." Nilidhani anamaanisha mashtaka kwa chifu.

Mwaka ule ule alianza kuugua koo. Alikuja hospitalini kila baada ya siku chache akiwa ameweka mkono shingoni. "Sista, koo." Nilimchungulia, koo safi kabisa. Hata hivyo alisisitiza apewe ile dawa ya zambarau ya kupaka, achukue nyumbani, atajipaka mwenyewe. Nikampa kichupa. Baadaye akawa na vidonda mguuni ambavyo havionekani kwa macho, akataka ayodini. Kisha nikasikia dukani kwamba anauziwa buluu ya kufulia, mtu ambaye nguo zake zote zilikuwa za kaki. Wauguzi wenzangu walisema Bwana Hewa ana mwanamke. Mimi nilimtazama midomo. Mtu anayejipaka dawa ile kooni, midomo hubaki na rangi siku kadhaa. Yake ilikuwa kama kawaida, ila kucha ndizo zilizokuwa zambarau.

Niliupata ukweli alipougua kweli. Malaria ilimwangusha, jirani akaniita, nikamkuta kitandani akitetemeka na kuninong'oneza vipimo vya joto lake mwenyewe. Nilitaka mahali pa kuweka beseni la maji. Rafu ndiyo iliyokuwa karibu, nikaishika meli kwa mikono miwili niisogeze, na kwa kuisogeza nikaigeuza.

Jamani. Upande ule haukuwa mweupe. Ulikuwa na madoa ya zambarau, ya kahawia ya ayodini, ya buluu, na mengine mekundu ya udongo wa Katekista, kama ng'ombe aliyezaliwa na rangi zote za zizi. Madirisha yalikuwa na mapazia. Kulikuwa na kamba ya kuanika nguo, na juu yake kaptura moja ya kaki, ndogo kama ukucha, na soksi mbili ndefu. Kulikuwa na jiko la makaa na sufuria. Kulikuwa na sanduku jeupe lenye miguu mirefu. Mwanamke wa gauni jeupe alisimama mikono kiunoni, na sina haja ya kuuliza ni nani, kwa sababu hata kiuno alikipima vibaya. Na pale nyuma, amefungwa kwa kamba ya kushonea vidonda, shingoni na miguu yote minne, alikuwa mbuzi mwenye doa jeusi usoni. Mbele kabisa ya meli kulikuwa na mtu mwingine mdogo, mrefu kuliko wote. Huyo nilimtazama mpaka nikasahau beseni.

"Sista," sauti ikatoka chini ya blanketi. "Umeona?"

"Nimeona nini?"

"Vizuri," akasema, akalala.

Nilipomuuliza baadaye, alipopona, alinijibu akitazama dirishani. Upande ule, alisema, hauna picha. Hakuna aliyeuona. Kila kitu alichoweka pale amekibuni, na yeye maisha yake yote hajawahi kuandika kitu cha kubuni. Wakisikia watu kwamba Bwana Hewa anatunga, nani ataamini sifuri zake? Nilimwambia kwamba mbuzi yule hakumbuni, namjua. Alicheka kidogo. Lakini aliniapisha nisimwambie Katekista, na mimi nikaapa huku nimekunja vidole nyuma ya gauni, kama tulivyofanya shuleni ili kiapo kisihesabike.

Miaka ile ya sabini ilipokaribia mwisho, uhamisho ukaja. Uliletwa na mkubwa yule yule wa matone, naye aliuleta akitabasamu. Bwana Hewa alipelekwa sehemu ya mvua nyingi, mahali ambapo mkebe wake ungejaa kila siku, na kwa mtu yeyote mwingine hiyo ingekuwa heri. Yeye alizunguka na uso uliokunjamana. Nilikuwa na kliniki ya akina mama Kakuma juma lile, lori la ngozi linapanda, akasema atakuja nami akamuage Katekista. Alikuja na meli ndani ya kikapu kilichofungwa shuka.

Tulipoiacha Lodwar mbali sana, miiba ikikwaruza mbao za lori, akaanza. "Sista, miaka yote hii hajainua mkono."

"Muonyeshe."

"Kitu gani?"

"Unajua kitu gani, Bwana Hewa."

Akageuza uso.

Tulipofika Tarach, ile laga kubwa ya Kakuma, mto wa mchanga unaojaa mara chache tu, tuliisikia kabla hatujaiona. Maji! Mchanga tuliozoea kuuvuka tukipiga gumzo ulikuwa umefunikwa na maji ya rangi ya chai, yakibeba matawi na hata kiatu. Mvua ilikuwa imenyesha milimani huko mbali. Juu yetu jua lilikuwa kali, hakuna wingu. Bwana Hewa alishuka, akatazama mto, akatazama mbingu, akageuka kwa dereva kana kwamba ameibiwa.

"Hapa hakujanyesha," akasema.

"Mzee, yaambie maji," alijibu dereva, akajilaza chini ya lori.

Malori mengine mawili yalikuwa yamesimama upande wetu, na ng'ambo watu walikuwa wamekusanyika kutazama. Mahali pale laga si pana. Mtu wa nguvu akirusha jiwe linafika. Na katikati ya watu wale, kichwa juu ya vichwa vyote, alisimama Katekista, aliyekuwa ameambiwa tunakuja. Alipiga kelele za salamu, mto ukazimeza.

Bwana Hewa alikuwa na siku moja tu. Lori lingerudi kesho alfajiri, na keshokutwa alitakiwa awe Kitale. Maji yakikataa, hakuna kuagana, na hakuna kingine chochote. Alifungua shuka, akatoa meli, akasimama ukingoni, akaiinua juu ili rafiki yake aione kwa mara ya mwisho. Aliinua upande wa kalenda, mweupe, safi, kila kamba mahali pake.

Ng'ambo, Katekista alikinga jua kwa kiganja. Aliitazama. Kisha akatikisa mkono kidogo, ule mtikisiko wake ninaoujua, na hata bila kusikia nilijua amesema nini. Ejok.

Nikachoka. Nasema kweli, nilichoka na wanaume wote wawili. Nilimshika Bwana Hewa mabega, kama ninavyowashika wanaume wanaozimia mlangoni kwangu, nikamgeuza mzima mzima, yeye na meli yake, nikaing'oa meli vidoleni mwake na kuinua juu upande wa pili.

"Sista! Uliapa!"

"Nilikunja vidole."

Jua lilipiga yale madoa. Zambarau, kahawia, buluu, nyekundu. Kelele za ng'ambo zilikatika. Katekista alishusha kiganja. Akaingia majini mpaka magotini, watu wakamshika shati, akainamisha kichwa huku na huku kama anavyofanya mtu mnadani anapoona dume ambalo hakulitarajia. Alisimama hivyo muda mrefu, na Bwana Hewa kando yangu alikuwa amefunika uso kwa mikono miwili.

"Anasema nini?" akaniuliza kupitia vidole.

"Hasemi. Anakungoja."

Kweli alikuwa anangoja. Alikuwa amemnyooshea Bwana Hewa kidole, kisha akakielekeza mdomoni mwake mwenyewe. Imba.

Bwana Hewa alivuta soksi zake juu. Akanitazama kwa hasira kubwa. Kisha mkono mmoja ukapanda, ukafuata wa pili, na safari hii viwiko viliachana na mbavu. Akafungua kinywa. Sauti yake ilikuwa mbaya kupita nilivyosimuliwa na kwaya, na nilikuwa nimesimuliwa mengi.

"Meli yangu, eeh! Nyeupe huku, madoa kule! Haijui bahari, inajua Lodwar! Imefunga mbuzi aliyekula tanga! Imeanika soksi, hakuna mvua! Sifuri, eeh! Sifuri!"

Dereva alitoka chini ya lori. Wenye ngozi wakasimama juu ya mizigo. Na ng'ambo ya maji, Katekista wa Kakuma akainua mikono yake mirefu, mmoja moja kwa moja, mmoja umepinda, akaruka juu na kushuka na maji yakaruka naye, na watu wote waliokuwa nyuma yake wakaruka. Neno walilolishika ni moja, wakalirudisha kwa sauti iliyouzidi mto. "Sifuri! Sifuri!" Bwana Hewa aliimba mpaka sauti ikamkauka. Mimi nilikuwa nimeinua meli ya watu juu ya kichwa, machozi yananitoka, nacheka.

Jioni maji yakapungua, kama kawaida ya laga, tukavuka kwa miguu. Katekista hakusalimia mtu. Alichukua meli, akachuchumaa nayo mchangani, akapita kila dirisha na kila pazia kwa kidole bila kugusa. Alimcheka mbuzi. Akafika mbele kabisa, kwa yule mtu mdogo mrefu aliyesimama mbele ya meli, mkono mmoja juu, mwingine umepinda kichwani, kinywa wazi.

"Huyu ni nani?" akauliza polepole.

"Sijui," alisema Bwana Hewa. "Tusikisie."

Katekista akainuka. Akamshika Bwana Hewa mabega, akampa jina. Ni jina ambalo mwanamume wa kwao hulipata kutokana na ng'ombe wake, linalotaja rangi yake, nyeupe upande huu na madoa upande ule. Silitaji hapa, kwa sababu si langu na mwenyewe alilipata kwa jasho.

Alfajiri lori lilikuwa tayari, limekwisha kuvutwa mchangani hadi ukingo wa Kakuma. Bwana Hewa alikuwa bado amesimama mbele ya nyumba ya Katekista na kikapu mkononi.

"Bwana Hewa!" dereva akaita. Hakugeuka.

"Bwana Hewa, tunakuacha!" Hata kichwa hakukisogeza.

Dereva alipiga honi mpaka mbuzi wa Kakuma wakatawanyika, na mzee yule akaendelea kutazama mbinguni kana kwamba anapima upepo. Mwishowe Katekista, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe, akamwita kwa lile jina jipya, taratibu tu, kwa sauti ya kawaida ya asubuhi.

Akageuka hapo hapo. "Naam," akasema.